Ganda la Chungwa na Mizani ya Ushirika

Hotuba ya Kamati ya Akina Mama, iliyosomwa mbele ya wanachama na viongozi katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Wasemaji waliotutangulia wamezungumza juu ya kahawa, na ndiyo haki, kwa kuwa kahawa ndiyo iliyotukusanya. Sisi tumeombwa tuseme juu ya jambo dogo, nalo ni maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Twajua ya kuwa baadhi yenu mtatabasamu mkisikia hivyo. Tabasamuni, hatukatazi, hata sisi tulitabasamu siku ya kwanza. Lakini twaomba subira yenu, kwa sababu katika jambo hilo dogo tulipata hasara, tukapata aibu, kisha tukapata fundisho ambalo twaona lamfaa kila mwanachama, awe apika sukari au auza kahawa.

Kwanza yatupasa kueleza kitu chenyewe. Ganda la chungwa, la limau, la danzi au la balungi, likichemshwa hata uchungu ukapungua, kisha likapikwa polepole ndani ya shira, yaani maji ya sukari yaliyokuwa mazito, hugeuka likawa laini, tamu, lenye kung'aa, hata ukiliinua mbele ya dirisha waona mwanga ukipita ndani yake. Likikaushwa vema na kufungwa vema, hukaa miezi bila kuharibika. Huliwa kidogo kidogo pamoja na chai. Hukatwakatwa likatiwa katika maandazi, mikate na keki. Na mtoto akitiliwa vipande viwili vitatu katika uji wa wimbi, hatahitaji kubembelezwa aumalize.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Nasi twawajibu kwamba chungwa na muwa vilikwisha kukutana katika nchi zetu za Afrika Mashariki tangu zamani sana. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili, mwaka 1498, mfalme wa mji alimpelekea zawadi ya kondoo, pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Habari hiyo imo katika daftari ya safari yake. Ndugu zetu wa pwani huijua shira tangu utoto wao, maana humo ndimo huchovya kaimati na visheti. Na huko Ulaya, ambako keki za Krismasi hutiwa maganda haya, machungwa machungu na miwa viliingia Hispania na Sisilia kwa mikono ya Waarabu. Basi hapana sababu ya mkulima wa Tarime au wa Serengeti kujiona mgeni mbele ya sufuria hii.

Sababu iliyotufanya tuanze

Ninyi wenyewe mwajua jinsi mwaka wa mkulima wa kahawa ulivyo. Fedha huja kwa msimu, na mahitaji ya nyumba huja kila siku. Kati ya malipo ya msimu mmoja na malipo ya msimu mwingine, mama wa nyumba atafuta chumvi, sabuni, daftari za watoto na nauli ya zahanati. Tulikaa tukatafuta kazi iwezayo kufanywa nyumbani, katika miezi ambayo mbuni hautuiti, kwa kitu ambacho tayari kipo mikononi mwetu.

Tukayaona maganda. Katika stendi za mabasi na katika minada yetu, muuza machungwa hukaa na kisu chake akimenya chungwa baada ya chungwa kwa mzunguko mmoja mwembamba, na miguuni pake hulala chungu ya maganda ambayo jioni hufagiwa na kutupwa. Tulidhani ya kuwa mali imetupwa pale, nasi twende tu tukaiokote. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Ganda lile la muuzaji ni jembamba mno. Nyama nyeupe iliyo chini yake, ambayo ndiyo inywayo sukari, imebaki kwenye chungwa. Tena limekwisha kuanguka mavumbini na kukanyagwa. Halifai. Ganda lifaalo ni lile la chungwa lililopasuliwa nyumbani kwa mikono safi.

Hasara yetu

Kikundi chetu ni cha akina mama 12, wote wa nyumba za wanachama. Tulikiomba chama chetu cha msingi kitukopeshe kilo 20 za sukari, nacho kikatukubalia. Tukaanza kwa furaha na kwa haraka. Mkaa ulikuwa haba, kwa hiyo maganda tukayachemsha mara moja tu. Sukari tukaimimina kwa kukadiria kwa jicho, kila mama na kikombe chake na imani yake. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kuanza, na tulikuwa tumetoa ahadi ya kupeleka mzigo katika harusi moja na katika maduka mawili. Kwa hiyo tuliyaanika maganda alasiri moja, kisha tukayafunga yangali na unyevu.

Arusini watu walionja wakatema, kwa sababu ya uchungu. Huko madukani, kabla wiki mbili hazijatimia, maganda yaliota ukungu ndani ya vifuko vyake. Wenye maduka wakaturudishia mzigo wote mchana kweupe, na watu wakitazama. Tukachimba shimo, tukafukia sukari ya chama.

Neno hilo, sukari ya chama, ndilo lililotukosesha usingizi. Sukari ile haikuwa ya mwenyekiti wala ya katibu. Ilikuwa ya kila mtu aliyeleta kahawa yake ghalani, pamoja na wajane na wazee waletao magunia mawili tu kwa mwaka. Tulipoitwa mkutanoni, wengine walisema kazi ya akina mama ifutwe. Wengine, kwa huruma, walisema deni lisamehewe. Ndipo mzee mmoja alipoomba ruhusa akasimama, akatuuliza kwa upole: "Mama zetu, katika kila kilo ya maganda mlitia kilo ngapi za sukari?" Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Akauliza tena: "Na karani wa ghala akiikadiria kahawa yangu kwa jicho, ninyi mtaniambia niridhike?" Akaketi.

Mkutano ukaamua mambo matatu. Deni libaki, tulilipe kwa mafungu matatu. Kazi iendelee, lakini kwa daftari. Na mizani ndogo ya sahani, iliyokuwa imekaa ghalani bila kazi, tukopeshwe pamoja na mawe yake. Baadhi yetu tulirudi nyumbani na uchungu moyoni, tukiona kwamba tumehukumiwa kama watoto. Leo twasema wazi, mbele ya mzee yule ambaye yumo humu ukumbini, kwamba deni limelipwa lote, na kwamba msamaha ungalitudhuru kuliko deni.

Namna ya kufanya

Sasa tueleze kazi yenyewe, ili atakayependa aifanye kesho bila kupita katika makosa yetu.

Kwanza ni kuchagua. Chagua chungwa zima, lenye ganda nene lisilo na madoa meusi wala sehemu laini. Usidanganyike na rangi. Machungwa yatokayo nchi za joto, kama yale ya Muheza katika mkoa wa Tanga, huiva na ganda likabaki kijani, kwa sababu rangi ya manjano hutaka usiku wa baridi. Ganda la kijani likipikwa huwa na rangi kama ya zeituni, na utamu wake haupungui.

Pili ni kuosha na kukata. Sugua kila chungwa kwa brashi na maji ya uvuguvugu. Lipasue sehemu nne, utoe nyama ya ndani; nyama hiyo italiwa au itakamuliwa maji yake siku ile ile, kwa maana aokoaye ganda huku akitupa tunda hajaokoa kitu. Kwangua nyuzi zilizolegea, lakini ile nyama nyeupe iache. Kata vipande vyembamba vya upana wa nusu ya kidole, vyote sawasawa, vipate kuiva pamoja.

Tatu ni kuchemsha, na hapa ndipo wengi huchoka. Tia maganda katika maji baridi yatakayoyafunika, uyachemshe kwa dakika 15 tangu yaanze kutokota, kisha umwage maji yote. Weka maji mapya, ufanye hivyo tena. Na mara ya tatu tena. Uchungu wa ganda huyeyuka katika maji, na maji yakisha kushiba uchungu hayatoi mwingine. Ndiyo maana kumwaga na kuanza upya hakuna badala yake. Madanzi na mabalungi hulowekwa usiku kucha kwanza, kisha huchemshwa mara nne. Na ninyi mkaao milimani kumbukeni hili: katika kimo cha mita 1,500 hivi, kama ulivyo mji wa Tarime, maji hutokota katika nyuzi 95 za sentigredi, wala si 100 kama pwani. Kwa hiyo muda ulioandikwa katika vitabu vya watu wa pwani au wa Ulaya haututoshi. Usitazame saa peke yake. Choma ganda kwa kijiti. Kikipita bila kusukumwa, limeiva. Usitie sukari kabla ya hapo, kwa sababu sukari huvuta maji kutoka katika ganda na kulikaza, na ganda lililoingia katika sukari likiwa gumu halitalainika tena.

Nne ni kupima. Yachuje maganda yaliyoiva, yaache yadondoshe maji, kisha uyaweke katika mizani. Kwa kila kilo moja ya maganda hayo yaliyochemshwa, pima kilo moja ya sukari, nusu lita ya maji, na kijiko kimoja cha maji ya ndimu. Ndimu huizuia shira isigande na kuwa chembechembe. Kumbukeni kwamba twapima baada ya kuchemsha, maana ganda hunywa maji, na uzito wake wa asubuhi siyo uzito wake wa mchana.

Tano ni kupika katika shira. Yeyusha sukari katika maji kwanza, mpaka pasionekane hata chembe moja, ndipo utie maganda na maji ya ndimu. Yaache yatokote kwa moto mdogo kwa dakika 10, kisha epua, funika, uyaache ndani ya shira mpaka kesho. Siku ya pili fanya vivyo hivyo, na siku ya tatu. Siku ya nne uyapike mpaka yawe yenye kung'aa na shira ivutike kama uzi kati ya kijiko na sahani baridi. Sisi zamani tulitaka kumaliza yote kwa saa moja. Lakini moto mkali huifanya shira kuwa nzito upesi, nayo huyatoa maji ndani ya ganda kabla sukari haijapata nafasi ya kuingia. Ganda hunyauka likawa kama ngozi. Kulilaza ganda usiku ndani ya shira huipa sukari muda wa kuingia polepole. Nao mkaa hupungua pia, kwa kuwa kazi kubwa yafanywa na usiku, na usiku hauuzwi.

Hapa tutoe onyo moja. Shira inayotokota ni moto kuliko maji yanayotokota, na hunata mwilini. Watoto wasikaribie jiko. Mtu akiungua, sehemu ile imwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala unga.

Sita ni kukausha. Toa maganda shira ingali ya moto, uyapange juu ya wavu safi yadondoke, na shira iliyobaki uihifadhi katika chupa. Kisha uyaanike juani siku mbili au tatu, chini ya chandarua safi, mpaka ukiligusa ganda lisinate kidoleni. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji, kwa ajili ya sisimizi. Nyuki watakuja, nao wana haki yao, lakini chandarua kiwazuie. Jioni ingiza kila kitu ndani kabla umande haujashuka. Wakati wa mvua tumia sanduku la mbao lililofunikwa kwa nailoni nyeupe, lenye matundu ya kupitishia hewa chini na juu. Na kama huna sanduku, ngoja kiangazi. Usikaushe darini juu ya moshi, maana ganda hushika harufu upesi.

Tena, ndugu wanachama, tusije tukaanika maganda juu ya vitanda vya kahawa. Mwavijua vitanda vile: ni mali ya kahawa. Sukari ikidondoka pale italeta sisimizi na uchafu, na kahawa hunusa na kubeba harufu ya kila kitu kilicho jirani yake. Itakuwa tumeharibu kazi kubwa kwa ajili ya kazi ndogo.

Saba ni kuhifadhi. Yagaagaze maganda makavu katika sukari kidogo, uyatie katika chupa zilizochemshwa na kukaushwa kabisa, ufunge, uandike tarehe. Katika kila mpiko twaweka chupa moja kando, ambayo sisi twaiita chupa ya shahidi. Hiyo haiuzwi wala hailiwi. Mteja akija kulalamika, tutaifungua chupa ya shahidi ya tarehe ile, tuone kama kosa ni letu.

Mtauliza kwa nini sukari huzuia kuoza. Ukungu ni kitu chenye uhai, nao hutaka maji. Sukari ikiwa nyingi huyashika maji yote, na ukungu hukosa cha kunywa. Sukari ikiwa chache, maji hubaki, na ile sukari yenyewe huwa chakula cha ukungu. Ndiyo sababu vikombe vyetu vya kukadiria vilituponza: mahali pengine sukari ilitosha, mahali pengine haikutosha, na maganda machache yaliyooza yaliharibu yote.

Dawa za mashambani

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulipita, nalo lawahusu zaidi akina baba wabebao bomba la dawa. Katika mashamba yetu michungwa na milimau husimama kando ya mibuni, na mibuni hupigwa dawa, kwa ajili ya chulebuni, kwa ajili ya kutu ya majani, na kwa ajili ya wadudu. Upepo hauulizi mpaka wa mti na mti. Dawa yenye mrututu yaweza kuonekana kama vumbi la buluu juu ya ganda, lakini dawa nyingine hazionekani, na nyingine huingia ndani ya ganda hata kuosha kusiziondoe. Mlaji wa chungwa hulitupa ganda. Mlaji wetu sisi hula ganda lenyewe.

Kwa hiyo twaomba kila mwenye shamba atuambie kweli: mti upi ulifikiwa na dawa, na siku gani. Ganda la mti uliofikiwa hatulipiki. Tumekwisha kuukataa mzigo wa machungwa mazuri sana kwa sababu mwenyewe hakukumbuka kama alipiga dawa au la. Alikasirika, nasi twamwomba radhi kwa hasira yake, lakini uamuzi ule tungeufanya tena.

Hesabu

Husemwa kwamba ganda ni bure. Ni kweli, ganda ni bure. Sukari si bure, mkaa si bure, chupa si bure, nauli si bure, na siku nne za mama si bure. Daftari yetu ina kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja twaandika sukari kwa kilo na kwa shilingi, mkaa, ndimu, chupa, nauli, na saa za kazi za kila mmoja wetu. Upande wa pili twaandika chupa tulizouza, chupa tulizopeleka nyumbani, chupa za shahidi, na shira iliyobaki, kwa kuwa shira hiyo yenye harufu ya chungwa hutumika katika chai au katika mpiko unaofuata, nayo ni mali.

Tulipofanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza tuligundua kwamba kuna miezi ambayo sukari hupanda bei hata kazi hii haina faida. Miezi hiyo hatuuzi. Twapika kidogo kwa ajili ya wageni wetu, basi. Si kila kinachowezekana kupikwa chastahili kuuzwa, na daftari hutuambia tofauti yake kabla hatujaingia deni.

Atakayetaka kuuza mbali na kijiji chake, madukani au kwa wageni waendao mbuga ya Serengeti, ajue ya kuwa kuna taratibu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji wa vyakula. Na tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na majengo ya vyakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Aanze huko kabla hajachapisha vibandiko. Tena tuseme kweli kwa walaji wetu: hiki ni kitu kitamu, si mlo. Mtoto apewe kidogo, asafishe meno. Na mwenye ugonjwa wa kisukari asipewe kwa heshima ya ugeni.

Mizani

Waheshimiwa, tumesimama hapa kwa sababu ya mizani, na twaomba tumalizie hapo hapo. Historia ya ushirika katika nchi za Ziwa yahusu sana mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma na jirani zake walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi yawapunja. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani. Wazee wale walitaka kwanza kujua uzito wa kweli wa jasho lao. Mambo mengine yalifuata baadaye.

Baada ya hapo ushirika ulipita katika mabonde na milima. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, navyo vingi vikaanguka kwa madeni katika miaka iliyofuata, mpaka sheria mpya ya mwaka 2013 ilipotungwa. Mara nyingi chama hakikuuawa na adui wa nje. Kiliuawa na hesabu iliyoachwa bila kuandikwa, na mkopo uliosamehewa kwa sababu mkopaji alikuwa mtu wa karibu. Sisi tulikuwa watu wa karibu. Tulikuwa wake zenu, dada zenu na mama zenu. Kama mngetusamehe zile kilo 20, kesho angalikuja mwingine na kilo 200, naye angalikuwa na haki ya kuuliza kwa nini yeye asisamehewe.

Kwa hiyo, katika miaka kumi hii inayoanza, tunayo maombi matatu kwenu, nayo si ya fedha. La kwanza, kila chama cha msingi kiwe na mizani ndogo moja ya kukopesha vikundi vya nyumbani, ikaguliwe kama inavyokaguliwa ile kubwa. La pili, asipewe mtu yeyote sukari, mbegu wala dawa ya chama bila daftari, hata akiwa ni mama wa mwenyekiti. La tatu, wenye mashamba watuandikie siku za kupiga dawa, nasi tutazibandika mlangoni mwa jiko letu.

Nje ya ukumbi huu, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mtakuta sahani za maganda ya mpiko wetu wa mwezi uliopita, na kando yake chupa ya shahidi na daftari ikiwa wazi. Karibuni mwonje. Lakini kabla ya kuonja, twawaomba wazee watangulie, na yule mzee wetu awe wa kwanza. Sahani yake tumeipima.

Mungu aubariki ushirika wetu, auzidishie umri, na atujalie sote mizani ya haki.